Injini Imezimwa, Presha Bado Imo

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina trekta dogo lenye mkono wa kuchimbia nyuma, nataka kuutoa nifunge mashine ya kukatia nyasi. Pini mbili za fremu nimeshachomoa, lakini kapulingi, yaani viungio, za mipira ya haidroliki inayopitisha oili ya presha zimegoma kuachia, na injini niliizima tangu jana. Fundi mmoja kaniambia nilegeze nati ya mpira kwa spana ili oili ipumue kidogo, halafu tuunyanyue mkono kwa jeki na kulisukuma trekta mbele. Niendelee?

JIBU: Usiendelee. Spana irudi kwenye sanduku, na mtu yeyote asisimame kati ya trekta na huo mkono. Pini jaribu kuzirudisha. Zikiingia kwa vidole, vizuri. Zikigoma usizigonge nyundo, maana hapo ujue uzito umeshahama na fremu inaning'inia kwenye ndoano zake tu.

Hili la "nimezima tangu jana" nalisikia karibu kila wiki, na linanichosha. Kuzima injini kunaisimamisha pampu, basi. Oili iliyonaswa kati ya valvu mbili zilizofungwa haijui kama injini inanguruma au imelala. Ukiuacha mkono umening'inia hewani, uzito wote wa chuma kile unaikandamiza oili ndani ya silinda usiku kucha. Jua likipiga mipira, oili inatanuka na presha inapanda. Trekta linaweza kulala juma zima, na kapulingi bado ikagoma.

Dawa yake haihitaji spana hata moja. Teremsha kila kilicho juu: ndoo ya nyuma, miguu ya pembeni, na ndoo ya mbele kama ipo. Zima injini. Kisha kila kishikio kipeleke mbele na nyuma, kushoto na kulia, mara kadhaa, pamoja na kile cha trekta kinachopeleka oili kwenye mkono. Kwa baadhi ya matrekta yenye valvu za umeme, ufunguo lazima uwe umewashwa wakati unafanya hivyo, kwa hiyo fungua kitabu chake. Wala usianze na vishikio kabla ya kuteremsha, kwani kilichoachwa juu kitashuka chenyewe, na hakitakuuliza mguu wako uko wapi. Baada ya hapo kapulingi huachia kwa mkono.

Ila wewe umerukia mwisho. Mipira ndiyo ya mwisho kufunguliwa, kwa sababu mkono huu hujinyanyua wenyewe kwa haidroliki hiyohiyo. Tafuta ardhi ngumu na tambarare, weka mbao nene chini ya miguu, kaa kwenye kiti cha mkono, injini iwe inawaka polepole bila kukanyagwa mafuta. Bonyeza miguu na ndoo chini taratibu hadi pini zisiwe na mzigo. Pini isiyobeba kitu hutoka kwa vidole, na ikihitaji nyundo rekebisha urefu wa miguu kwanza. Ukishazitoa, nyanyua fremu kidogo kidogo mpaka ndoano ziachie, ukifuata mpangilio wa kitabu cha mashine yako, maana fremu hazifanani. Jeki ya gari iache ibaki kwenye gari. Mkono wa trekta dogo una kilo mia kadhaa, na uzito wake hauko katikati. Ukiuweka juu ya kichuma cha upana wa kiganja, utapinduka.

Sasa turudi kwa huyo wa "oili ipumue", kwa sababu hatari yake haiishii kwenye trekta lako. Haidroliki ya matrekta madogo hufanya kazi kwenye psi (kipimo cha presha) 2,000 hadi 2,500 hivi. Tairi la gari dogo lina kama 30. Oili ikitoka kwa presha hiyo kwenye nati iliyolegezwa, au kwenye tundu la mpira lisiloonekana kwa macho, inatoboa ngozi na kuingia ndani. Glavu haiizuii. Kidonda chake ni kitone chekundu, utadhani umechomwa na mwiba, na mwanzoni mara nyingi hakiumi sana. Mtu anajifuta na kitambaa, anaendelea na kazi. Usiku kidole kinavimba, kwa sababu oili imesambaa ndani ya kiganja. Hiyo ni dharura ya upasuaji, ndani ya saa chache, na wanaochelewa hukatwa vidole au mkono. Ukifika hospitali usiseme umejikata, sema oili imeingia mwilini kwa presha.

Kwa hiyo ukiona mtu anapapasa mpira kwa kiganja akitafuta panapovuja, hata kama ana miaka thelathini gereji, mwondoe hapo. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kwa mbali. Boksi likilowa au likitoboka, umepaona. Mafundi wa njia ya mkato hupenda kusema wamefanya hivyo mara mia na hawajadhurika. Mimi nilimwona aliyesema hivyo kabla ya mara yake ya mwisho.

Ukishatenganisha mipira, angalia kama trekta lako linapeleka oili kwenye mkono muda wote injini ikiwaka. Kama ndivyo, ile miwili iliyobaki upande wa trekta iunganishe yenyewe kwa yenyewe kabla ya kuwasha. Usipofanya hivyo oili inakosa pa kurudi, pampu inaanza kulia, na inaweza kupasuka. Kapulingi za mkono zifunike vizibo na uuweke kivulini, vinginevyo siku ya kuurudisha utaniandikia swali hilihili.

Na kama una ndoo ya mbele, usibebe nayo mzigo kabla hujarudisha uzito nyuma. Mkono ndio uliokuwa ukilikalisha trekta chini.