Kumpenda Hurrem si kuusifu utumwa

Nimesimamia kundi la WhatsApp la tamthilia na riwaya kwa miaka sasa, la wanawake wa Unguja na Pemba. Siasa tuliipiga marufuku tangu mwanzo, na mpira hautuhusu. Vilivyotugombanisha mpaka watu wakaacha kusalimiana ni mapenzi ya watu wa hadithini: nani ampende nani, na anayefurahia mapenzi hayo ana imani gani na maadili gani. Naandika kwa ajili ya wasimamizi wenzangu, na kwa kila aliyewahi kutoka kwenye kundi huku analia.

Mzozo mkali kuliko yote ulikuwa wa Sultan, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya na Hurrem, msichana aliyetekwa akatiwa mtumwa kwenye haremu, yaani nyumba ya wanawake wa sultani. Kwao ilionyeshwa kuanzia 2011 hadi 2014, na huko nako iliwagawa watu. Mwaka 2012 Erdoğan, wakati huo akiwa waziri mkuu, aliilaumu hadharani kwamba imemfanya Suleiman mtu wa kukaa kwenye haremu, na yeye alikuwa mtu wa vita. Kwetu hasira ilikuwa nyengine. Mwanachama mmoja wa Pemba aliandika kwamba kila anayeshabikia mapenzi ya Suleiman na Hurrem ameridhika msichana atekwe, atiwe kwenye nyumba ya bwana asiyemchagua, kisha tuyaite hayo mapenzi. Mwengine akamjibu kuwa hiyo ni hadithi tu, asiyeiweza azime televisheni. Ilikuwa Ramadhani. Watu wanarudi kutoka tarawehe, wenzao wameshaitana majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Yule wa Pemba alikuwa na hoja nzito. Hapa Zanzibar jambo hilo haliko mbali nasi. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Amri ya 1897 ilipouondolea utumwa nguvu ya sheria, masuria waliachwa nje, na ilibidi wangoje mpaka 1909. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, na katika kumbukumbu alizochapisha 1886 anaeleza jinsi mama huyo alivyochukuliwa kwao akiwa mtoto mdogo baada ya vita kumuulia wazazi. Wapo miongoni mwetu ambao bibi wa bibi yao aliingia nyumbani kwa njia hiyohiyo, na habari zake zinasemwa kwa sauti ya chini au hazisemwi kabisa. Mtu anayemwangalia Hurrem na hayo yamo moyoni mwake haambiwi “ni hadithi tu”. Kumwambia hivyo ni kumfukuza.

Ila yule mwengine naye nilimfuata inboksi, nikamuuliza anampendea nini Hurrem. Akaniambia: aliingia mle hana ndugu, hana lugha, na bado akatafuta njia ya kuishi. Hakumtaja Suleiman hata mara moja. Hapa ndipo nnapowasihi sana. Kabla hujamhukumu mwenzako kwa wapenzi anaowashabikia, muulize anaona nini ndani yao. Mmoja anapenda akili ya yule mwanamke, mwengine uigizaji, mwengine kuna msiba wa hadithini uliogusa msiba wake, na hajawahi kumwambia mtu. Hata wanaompenda Suleiman wanajua vyema kwamba ndiye aliyeamuru mwanawe Mustafa anyongwe mwaka 1553. Sehemu hiyo tulilia sote, wa upande huu na wa upande ule.

Baada ya kuuliza, irudisheni hoja kwenye usimulizi wenyewe. Tulilijaribu hili kwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya 1999 ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mtu mzima mno kwake. Anamkimbia, anapokewa na Mwajuma huko mitaa ya Ng'ambo, hapa Unguja, kisha anapendana na Denge, mpinzani wa wakoloni. Wakubwa kwenye kundi hawakumsamehe Yasmin kwa mapenzi ya nje ya ndoa. Vijana hawakuwasamehe waliomwoza. Kwa siku mbili tatu ilikuwa ni kulaumiana malezi. Nikaomba kila anayeandika aanze na tukio la kwenye kitabu: Yasmin amefanya nini hapa, mwandishi amemwonyesha nani akiumia, nani hakuulizwa. Bi mmoja anayesomesha chuoni, chuo cha Qur'ani, na ambaye sote tunamheshimu, akasema kwamba haramu ni haramu na yeye haibadilishi kwa ajili ya riwaya, lakini mtoto aliyeozwa kwa nguvu amedhulumiwa, na dhulma nayo ni haramu. Toka hapo watu walisoma upya. Wapo waliokwenda kukitafuta kitabu chenyewe, maana wengi walikisoma skuli kwa ajili ya mtihani wakakiacha hapohapo.

Jambo moja sibishani nalo. Hadithi inayomweleza mtoto kwa matamanio naifuta saa ileile, na aliyeileta anatoka. Hakuna mjadala wa sanaa hapo.

Lakini hatari kubwa niliyoiona haikuwa kwenye hadithi yoyote, ilikuwa kwenye skrinishoti. Msichana mmoja aliandika kisa chake mwenyewe cha kuwaendeleza Hatice, dada yake Suleiman, na Ibrahim wa ile tamthilia ya Sultan, wanapendana kwa siri kasrini kabla ya ndoa. Mtu aliyekereka hakumjibu. Alizipiga picha kurasa akazituma kwa jamaa wa msichana, na maneno juu yake kwamba binti yenu anafundisha zinaa. Wanaoishi mji mkubwa huenda wasielewe uzito wake. Kwetu mtaa wote ni jamaa, posa inaulizwa kwa majirani, na ujumbe wa namna hiyo unaweza kumfunga msichana ndani, akanyang'anywa simu na masomo pamoja. Kama unasimamia kundi, hili lishughulikie kabla ya mzozo wowote mwengine. Kanuni yetu ni kwamba anayetoa maandishi ya mwenzake nje ya kundi anatolewa, hata kama hoja yake ya maadili ni sahihi. Mwenye nasaha ya kweli anamfuata mwenyewe faraghani, ndivyo dini yetu inavyotufunza kusitiriana.

Na wewe uliyetolewa maandishi yako, usikae ukingoja. Fika kwa mama kabla maneno ya watu hayajafika, na usiende peke yako. Sisi tulimtanguliza yule bi wa chuoni, mie nikamfuata nyuma, tukabeba kisa kizima kimechapishwa, maana vipande vilivyokuwa vikizunguka vilikatwa pale palipowaka zaidi. Mama wa msichana alikisoma mbele yetu, kurasa zote, bila ya kusema kitu. Alipomaliza alimgeukia binti yake: “Huyu Ibrahim ni mtumwa wa kaka yake mwanamke anayempenda. Mbona hujamtia khofu?” Wakakaa wawili wao kuizungumza sura ya tatu, na sisi tukaaga.