Kizimba cha mtoto wa mbwa: anza na mlango wazi

Ndugu wa Mikindani uliyeuliza kama kizimba ni mateso: si mateso, ila kumfungia ghafla usiku wa kwanza ndiko kunamfanya alie hadi alfajiri. Siku za mwanzo mlango uache wazi. Mlishe humo humo, bakuli ulisogeze ndani kidogo kidogo. Dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi atamvuta kuliko kumsukuma. Akizoea kula ametulia, funga dakika moja, kisha tano, kisha kumi, ukiwa karibu. Akilalamika kidogo, subiri anyamaze ndipo ufungue. Akihema, akidondosha mate na kuparura mlango, hiyo ni hofu: mtoe, urudi hatua nyuma.

Kizimba kimtoshe kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha. Kikizidi sana, atakojoa kona moja na kulala nyingine. Wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili tatu, kwa hiyo usiku mtoe.

Na joto letu hili, tafadhali, usimfungie chini ya bati juani, atakufa. Kiweke barazani au chini ya mwembe, waya pande mbili upepo upite, maji yawepo. Kutwa nzima asifungiwe.