Maswali na majibu: Kilatini kwa anayeanza

Maswali ya Kilatini yamenijia mengi kiasi kwamba nimeona niyape safu nzima. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nimemaliza kidato cha nne, nataka kujifunza Kilatini mwenyewe nyumbani. Nianze kusoma nini? (Kijana, Songea)

Anza na sauti, kisha miisho ya nomino, kisha miisho ya vitenzi vya wakati uliopo. Msamiati usiutangulize. Ukifanya hivyo utajikuta na maneno mia tano kichwani na huwezi kuyaunga hata sentensi moja.

Sauti hazitakusumbua, maana a, e, i, o, u za Kilatini zinasomeka karibu sawa na zetu. Kazi iko kwenye miisho, na hapo nakuomba sana usijifunze Kilatini kana kwamba wewe ni Mwingereza. Vitabu vingi vimeandikiwa wasemaji wa Kiingereza, hivyo vinatumia kurasa nyingi kuwaeleza kwamba kivumishi lazima kipatane na nomino yake, na kwamba kitenzi kinaweza kumbeba mtendaji ndani yake. Wewe hayo uliyajua kabla hujaanza shule. Chukua sala hii unayoifahamu:

*Pater noster, qui es in caelis, sanctificetur nomen tuum, adveniat regnum tuum, fiat voluntas tua.*

Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe.

Tazama *tuum, tuum, tua*. Ni neno lilelile moja linalogeuka kufuata nomino yake, kama letu lilivyogeuka kuwa lako, wako, yako. Kilatini kina jinsi tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike. *Nomen* na *regnum* ni za hiyo ya tatu, *voluntas* ni ya kike. Tofauti kubwa ni kwamba sisi tunageuza mwanzo wa neno, wao wanageuza mwisho.

Sasa likate neno *sanctificetur*. *Sanctific-* ni kutukuza. Ile *-e-* inaonyesha kwamba tunaomba, hatutoi habari. *-tur* inasema kuna kitu kimoja kinachotendwa. Halafu kata "litukuzwe": li- ni jina, -w- ni kutendwa, -e ni ya kuomba. Vipande ni vilevile, vimepangwa kwa namna nyingine. (Katika vitenzi vya makundi mengine alama hiyo ya kuomba huwa *-a-*, ndiyo unayoiona katika *adveniat* na *fiat*.) Nilipoliona hili mara ya kwanza nilikuwa nimeshapoteza muhula mzima nikikariri majedwali bila kuelewa yanatumika wapi. Mwalimu wetu aliyaandika ubaoni, nasi tukaimba *-us, -i, -o, -um, -o* asubuhi hadi asubuhi. Kuimba si vibaya, nami miisho hiyo ninayo hadi leo, ila ikate sala hii kwanza.

Naambiwa nomino moja ina hali sita. Zote hizo za nini? (Mwalimu wa shule ya msingi, Voi)

Sisi tunamjua mtenda na mtendwa kwa nafasi zao. Ukisema "simba anamwona mvulana" kisha ukageuza, "mvulana anamwona simba", habari imekuwa nyingine. Mrumi alikuwa huru kupanga atakavyo:

*Leo puerum videt. Puerum leo videt. Videt puerum leo.*

Zote tatu: simba anamwona mvulana. Ili mvulana ndiye aone, lazima uguse miisho: *Leonem puer videt.* Kile *-em* kidogo ndicho kilichomtoa simba kwenye kuona kikamweka kwenye kuonwa.

Hali, yaani sura ya nomino kwa kazi yake katika sentensi, ndizo hizi: nominativi ni ya mtenda, akuzativi ya mtendwa, genitivi ni kama "-a" yetu (*leonis*, ya simba), dativi ya anayepewa, ablativi hubeba "kwa", "kutoka" na "katika", vokativi ni ya kuita. Wiki mbili za kwanza shika nominativi na akuzativi peke yake. Nomino zenyewe zimegawanyika katika makundi matano. Matatu ya kwanza yatakufikisha mbali sana.

Kuna mtego mmoja hapa ambao mwanafunzi wa Kiswahili anauvuka kwa urahisi. *Nauta*, yaani baharia, ana umbo la kundi ambalo karibu nomino zake zote ni za kike, lakini tunasema *nauta bonus*, kwa kivumishi cha kiume. Wanaoanza hulalamika. Wewe jiulize mbona husemi "kijana chema". Umbo ni la ki-, upatanisho ni wa mtu: kijana mwema, *nauta bonus*.

Kwaya yetu inaimba Agnus Dei. Mmoja anasema "agnus", mwingine "anyus". Nani yuko sahihi? (Mwanakwaya, Moshi)

Kanisani, "anyus". Kuna matamshi mawili yanayofundishwa. Ya Kanisa hufuata Kiitaliano: *gn* ni "ny", *c* mbele ya e na i ni "ch", *ae* ni "e", hivyo *caelis* inakuwa "chelis". Ya kale, ambayo wataalamu wameyajenga upya kutokana na ushahidi wa enzi za Roma, *c* ni "k" daima, *v* ni "w", *ae* ni "ai": "kailis". Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ni Chichero kwa matamshi ya Kanisa, Kikero kwa yale ya kale. Chagua moja kulingana na haja yako, usichanganye.

Nasoma sheria. Je, si inatosha kukariri yale maneno ya mahakamani tu? (Mwanafunzi, Nairobi)

Kwa mtihani inaweza kutosha. Ila ukijua sarufi kidogo, hutayakariri tena, utayasoma. *Locus standi* ni mahali pa kusimama, neno kwa neno, hata "pa" imo ndani ya *standi*. *Habeas corpus* ni "uwe na mwili": amri kwa anayemshikilia mtu amlete mbele ya mahakama. Na kwa nini ni *actus reus* lakini *mens rea*? *Actus* ni ya kiume, *mens* ni ya kike. Kitendo chenye hatia, nia yenye hatia. Chenye, yenye, *reus, rea*.

Kamusi inaandika "rex, regis". Kwa nini mara mbili? (Msomaji, Bukoba)

Kwa sababu mzizi wa neno umejificha. *Rex*, mfalme, hakuonyeshi *reg-* ambayo ndiyo itakayobeba miisho yote inayofuata. Genitivi *regis* inakuonyesha. Jifunze nomino pamoja na genitivi yake siku ileile. Vitenzi navyo hupewa sura nne, na baadhi havikisiki kabisa: *fero, ferre, tuli, latum*, kubeba. Sura zote nne ziingie daftarini pamoja.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Nitapata kitabu? (Fundi, Kigoma)

Kipo, nami ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kinaitwa Familia Romana, cha Mdenmaki Hans Ørberg. Kina sura 35, na simulizi lake ni Kilatini tangu sentensi ya kwanza: *Roma in Italia est.* Umeielewa bila kamusi. Kinaendelea hivyohivyo, neno jipya likielezwa kwa picha au kwa maneno uliyokwisha kuyajua. Soma kwa sauti nusu saa kila siku, na usihamie sura nyingine kabla uliyonayo haijasomeka bila kusita.

Nina miaka 61. Nimechelewa? (Mstaafu, Tanga)

Hapana, mzee wangu. Shikamoo, na daftari lianze leo.

Nikishajua miisho, nisome nini cha kweli? (Mtawa, Bujumbura)

Caesar, mtawala na mwandishi wa Roma, na Cicero wasubiri, sentensi zao ni ndefu. Wewe Sista Injili unaijua, basi anza na Yohana katika Vulgata, yaani Biblia ya Kilatini. Injili zake Jerome alizisahihisha mwishoni mwa karne ya 4, na Kilatini chake ni chepesi:

*In principio erat Verbum, et Verbum erat apud Deum, et Deus erat Verbum.*

*Apud Deum*, kwa Mungu, ina mwisho wa akuzativi. Lakini katika kipande cha mwisho *Deus* na *Verbum* zote ni nominativi, miisho haikuambii kipi ni kiima. Mstari umekuwa ukizungumza habari za Neno tangu mwanzo, kwa hiyo tunasoma "naye Neno alikuwa Mungu", ingawa *Deus* imetangulia. Mstari wa pili nakuachia: *Hoc erat in principio apud Deum.* Kila neno umeshaliona hapo juu isipokuwa *hoc*, nalo ni "hilo", la jinsi ileile ya *Verbum*.