Florida mwaka 2000: kura 537
Ndugu uliyeuliza kama kweli jimbo la Florida katika uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 2000 liliamuliwa kwa kura zisizofika elfu moja, jibu ni ndiyo: George W. Bush alipata kura 2,912,790 na Al Gore 2,912,253, yaani tofauti ya kura 537 tu katika jimbo ambalo karibu watu milioni 6 walipiga kura. Ushindi huo ulimpa Bush wajumbe wote 25 wa Florida, yaani wale wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo, na kumfikisha Ikulu, ingawa nchi nzima Gore alimzidi kwa kura zaidi ya laki 5.

Linaloniuma zaidi ni la kaunti ya Palm Beach, ambako majina yalipangwa pande mbili za karatasi na matundu ya kutoboa yakawa katikati, hata baadhi ya wapiga kura wa Gore, aliyekuwa wa pili upande wa kushoto, wakatoboa tundu la pili, kumbe lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea mwingine. Baadaye, katika kuhesabu kura upya, maofisa waliinua karatasi moja moja kwenye mwanga, wakikagua vipande vya karatasi vilivyobaki vikining'inia kwenye matundu, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua tarehe 12 Desemba, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba kuhesabu upya kusiendelee.