Umelipa nusu, hati bado haijahamishwa

Ndugu, miezi mitatu tangu ulipe nusu ya bei ya nyumba hapo Dar, na dalali kila siku ni "wiki ijayo": usingizi lazima upotee. Acha kumpigia dalali, yeye hahamishi hati. Muulize muuzaji kama ameshalipa TRA (mamlaka ya mapato) kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza nyumba. Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila uthibitisho wa kodi hiyo, na faili nyingi hulala hapo kwa sababu muuzaji anasubiri hela yako ndipo alipe. Andikeni nyongeza ya mkataba: sehemu ya baki uilipe wewe moja kwa moja TRA kwa kumbukumbu namba (control number) ya kodi hiyo, ikatwe kwenye bei. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wako, uweke pembeni.

Kagua pia deni la pango la ardhi, ridhaa ya mwenza, na jina la kwenye hati kama linalingana na kitambulisho. Rudia upekuzi wa hati kwa Msajili, ule wa awali hauonyeshi rehani iliyowekwa jana.

Simu za kuulizia zitengee siku moja tu kwa wiki, majibu uyaandike na tarehe. Na chumba unachopanga usikiage bado.