Kabla hujamfundisha mbwa kuruka, fundisha mkono wako

Mbwa wangu anaitwa Kachumbari, maana tulipomchukua hapa Dallas, Texas, hakuna aliyejua amechanganywa na nini. Nilipoanza kumfundisha kudaka kisahani cha kurusha (frisbee), nilichotaka ni aruke juu tu. Lawama kidogo nampa Ashley Whippet, yule mbwa ambaye Alex Stein alijipenyeza naye kwenye uwanja wa Dodger Stadium, Los Angeles, Agosti 5, 1974, akamrushia visahani adake, mechi ya besiboli ikiwa hewani kwenye runinga. Stein alikamatwa, mbwa akawa nyota, na mpaka leo watu wakitazama mchezo huu macho yao yako juu. Mimi pia nilisahau kuangalia chini.

Jioni moja nilirusha vibaya, kisahani kikaelea juu ya kichwa chake. Kachumbari akaruka wima, akajipinda kiuno hewani akikifuata, akashukia mguu mmoja wa nyuma. Hakulia. Alikileta kisahani anachechemea, mkia unacheza, anataka tena. Daktari wa mifugo alilishika goti, akalisukuma huku na huku, akasema ligamenti, ule utepe unaoshikanisha mifupa ya goti, imechanika kiasi. Tukakaa miezi tukitembea kwa kamba, polepole kama wazee.

Alipopona tulianza upya, chini kabisa. Nilikibiringisha kisahani kwenye nyasi kama tunavyobiringisha tairi utotoni, akikimbize na kukidaka bila kuruka. Mbwa mchanga asivuke hapo mpaka mifupa ikomae. Wengi hufikia hapo kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, wenye maumbo makubwa huchelewa zaidi. Muulize daktari, usikadirie kwa macho.

Kazi kubwa ilikuwa kwangu. Karibu wiki tatu nilikwenda uwanjani peke yangu, narusha, naokota mwenyewe, majirani wananitazama. Kisahani kinatakiwa kiende bapa, kimtangulie mbwa, kishuke taratibu usawa wa kichwa chake, adake akiwa bado mbioni. Anayeruka huku anakwenda mbele hutanguliza miguu ya mbele, ya nyuma ikafuata, na mbio zinaendelea. Anayeruka wima hurudi na uzito wote kwenye miguu ya nyuma, mgongo umesimama kama wa mtu. Kwa hiyo ukimwona mbwa wako anasimama kukisubiri kisahani, mwenye kosa ni wewe: umekirusha juu mno au umechelewa.

Mengine ni ya kawaida: nyasi, siyo lami wala nyasi zenye umande, kucha fupi, mwili usiwe na mafuta ya ziada, dakika kadhaa za kutembea na kukimbia kidogo kwanza. Kisahani kilichotafunwa kikatoa ncha, tupa, kitamkata fizi. Na joto la Julai ya Texas, mchana, msitoke kabisa.

Siku hizi ni mirusho 12, basi. Wa 13 Kachumbari huuomba kwa macho, nami nakikalia kisahani.