Vito vya harusi: visiwashe, visibane, na vivaliwe tena

Mleta mada anauliza achague vito gani vya harusi avivae kutwa nzima bila kuwashwa wala kuumwa masikio, na visiishie kabatini baada ya sherehe. Kwa sehemu kubwa hayo ni swali moja, maana kito kinachokutesa hukivai mara ya pili. Anza na madini yenyewe, kisha uzito na kipimo. Mtindo uje baada ya hapo.

Muwasho mwingi wa vito unatokana na nikeli, madini yanayochanganywa kwenye vito vingi. Ubaya wake ni kwamba mzio hauonekani papo hapo. Mara nyingi ngozi huanza kuwasha na kutoka vipele siku moja au mbili baada ya kuvaa. Ndiyo maana kujaribu hereni dukani kwa dakika 5 hakukupi jibu. Zivae nyumbani kwa muda wa saa 3 au 4 kila siku, siku kadhaa mfululizo, mwezi mmoja kabla ya shughuli, ili ukiona tatizo uwe na muda wa kubadilisha. Usitegemee maandishi kwamba kito "hakisababishi mzio", kwa sababu kila muuzaji huyatumia anavyotaka. Kipimo cha maana ni kile cha Umoja wa Ulaya: kito kinachokaa kwenye ngozi kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na sehemu inayopita kwenye tundu la sikio isizidi 0.2. Muulize muuzaji kama kito kimepimwa kwa viwango hivyo.

Soma pia muhuri. 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9, na 925 ni fedha. Namba hizo ni sehemu kati ya 1000, na kinachobaki ndicho cha kuulizia. Dhahabu ya njano huchanganywa zaidi na fedha na shaba. Dhahabu nyeupe ndiyo yenye mtego: weupe wake huweza kutoka kwenye madini ya paladiamu au kwenye nikeli, na juu hupakwa tabaka jembamba la madini mengine meupe, rodiamu. Rodiamu ikichakaa, nikeli inagusa ngozi, na pete iliyovaliwa vizuri tangu siku ya harusi inaanza kuwasha baadaye. Mwambie sonara wazi kwamba unataka ya paladiamu. Mwenye ngozi inayowashwa upesi kabisa achukue hereni zenye vijiti vya titaniamu au niobiamu. Chuma cha pua cha aina ya 316L kina nikeli ndani, ila hutoa kidogo sana. Wengi hukivaa salama, lakini kwa mwenye mzio mkali singekipendekeza.

Dhahabu ya kuchovya haina ubaya wa lazima. Uliza unene wa tabaka na kilicho chini yake. Tabaka la mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) juu ya fedha ya 925 linadumu. Tabaka la chini ya mikroni 1 juu ya madini yasiyojulikana huondoka haraka kwa jasho na manukato. Kidole kikigeuka kijani, hiyo ni shaba iliyokutana na jasho, si mzio, na hutoka kwa sabuni.

Kuhusu hereni, zipime kwenye mizani ndogo ya jikoni. Kwa kuvaa kutwa mimi naona kila upande usizidi gramu 5. Zikifika gramu 10, zivae wakati wa picha, kisha badilisha. Hereni kubwa zilizo wazi ndani huonekana nzito huku ni nyepesi. Nyuma weka kizuizi kipana, kwani kile kidogo huacha hereni iiname mbele na kuvuta tundu. Na tafadhali usitoboe masikio harusi ikiwa imekaribia: ndewe huchukua kama wiki 6 hadi 8 kupona, na hereni nzito kwenye tundu bichi huleta usaha.

Pete hukosewa zaidi kwa sababu ya muda wa kupima. Vidole husinyaa kwenye baridi na huvimba kwenye joto, hivyo pima jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, na rudia siku tofauti. Zungushia kidole ukanda mwembamba wa karatasi, pima urefu, gawanya kwa 3.14. Milimita 53.4, kwa mfano, ni kipenyo cha ndani cha milimita 17. Pete ipite kwenye kifundo kwa kukaza kidogo. Ikiwa pana, milimita 6 na zaidi, ongeza nusu saizi. Dhahabu na fedha sonara anaweza kuzipanua au kuzipunguza. Tungsteni haiwezekani, na pete yenye mawe kuzunguka yote ni taabu tupu. Mwili hubadilika, kwa hiyo pete ya kudumu iwe ya kurekebishika.

Kama gauni ni la lesi, pitisha soksi laini ya nailoni juu ya kito. Ikinasa, vikucha vinavyoshika jiwe vitachana nguo na shela pia. Bangili iache nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2.

Kwenye mazingira, kito kilichopo tayari kinashinda kipya: cha kurithi, cha kuazima, au dhahabu ya zamani iliyoyeyushwa upya. Neno "iliyorejelezwa" peke yake halitoshi, kwa kuwa dhahabu imeyeyushwa upya tangu zamani. Uliza ilitoka wapi. Kama ni mpya, alama za Fairtrade na Fairmined, za dhahabu iliyochimbwa kwa haki, zina masharti kuhusu zebaki, sumu inayowadhuru wachimbaji wadogo. Cheti cha Mchakato wa Kimberley, ulioanza 2003, kinahusu almasi zinazofadhili waasi tu. Hakisemi lolote juu ya mishahara wala mashimo yaliyoachwa. Almasi ya maabara ni almasi kweli, ila hula umeme mwingi na ukiiuza baadaye bei huwa ndogo. Zirkonia, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, hukwaruzika na kupoteza mng'ao. Moisanaiti, jiwe jingine la aina hiyo lenye ugumu wa 9.25 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10, hudumu zaidi.

Lulu zivae mwisho, baada ya manukato na dawa ya nywele kukauka, kwa sababu asidi na kemikali hula uso wake. Ukizivua, zifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo na zilaze, usizitundike, uzi usivutike. Fedha ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, mbali na mpira, maana salfa iliyomo kwenye mpira huifanya nyeusi.